Kutoa Tisa Tisa

Mdogo wangu alipoletewa posa ya pili, baba mkubwa alinipigia simu nikiwa shuleni Bungu, akaniambia nifike Mkongo kwa kuwa mambo yamekwama kwenye hesabu, na mwenye hesabu katika ukoo wetu ni mimi. Hakueleza zaidi. Nilidhani ni mahari. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo fupi, nikafunga nguo zangu kwenye begi, nikaondoka kesho yake asubuhi.

Nafundisha hisabati sekondari mwaka wa kumi na nne sasa. Mdogo wangu huyo nilimfundisha mwenyewe, mimi dada yake. Alikaa kwangu kidato cha tatu na cha nne, akala chakula changu, akakaa dawati la pili kutoka mbele, na mtihani wa mwisho akapata sifuri ya hisabati. Hatukuizungumzia sana. Alirudi kwa mama, akawa analima mpunga na kusuka mikeka, kisha akaolewa Ikwiriri. Miaka mitano hakupata mtoto. Mume akamrudisha. Hakumrudisha kwa ugomvi, alimleta kwa adabu na vyombo vyake vyote, jambo ambalo mama anasema lilimuumiza kuliko kama angefukuzwa. Neno lililomfuata kutoka Ikwiriri ni moja: tasa. Hakuna aliyelisema mbele yake, lakini lilikuwepo kijijini, kila mtu alijua anayezungumziwa ni nani.

Sasa mjane mmoja wa Mloka, mwanamume mwenye watoto wawili wadogo, alikuwa ameleta barua. Mama alifurahi. Baba mkubwa, ambaye ndiye mwenye kumuozesha tangu baba yetu afariki, naye alifurahi, ila alitaka kwanza kuhakikisha kwamba nyota zao zinaendana. Mara ya kwanza hakuhakikisha, na aliona lile la Ikwiriri kama kosa lake mwenyewe. Basi akaenda kwa mwalimu mmoja ng'ambo ya mto anayepiga falaki, akampa majina ya wawili hao na majina ya mama zao.

Nilipofika nilimkuta kibarazani. Nikamwamkia, akaitikia, akanitolea karatasi kabla sijavua viatu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na wengi wetu tuliosoma chuo cha Kurani tunaijua nusunusu. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni moja, be ni mbili, jimu tatu, na kuendelea hadi mamia. Unaandika jina la mtu na la mama yake, unajumlisha thamani za herufi, kisha unatoa tisa, unatoa tisa tena, mpaka kisibaki cha kutoa. Inayobaki ndiyo namba ya huyo mtu. Karatasi ile haikuwa na majina, mwalimu alikuwa ameandika tarakimu tu. Za mwanamume zilifika mia tatu hamsini na mbili, baki moja. Za mdogo wangu zilifika mia nne arobaini na moja, baki hakuna. Tisa kamili. Na mwalimu alisema moja na tisa kamili haziendani, mke wa namna hiyo hakai.

Nilikaa mkekani na kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, nimeudhika. Nilikuja na nia ya kuonyesha kwamba mzee yule amekosea mahali. Nikatoa tisa tisa kwa mkono, mara arobaini na tisa, nikafika mwisho bila baki. Nikajumlisha tarakimu: nne na nne na moja, tisa. Nikafanya na ile nyingine: tatu na tano na mbili, kumi, moja na sifuri, moja. Kila kitu kilikuwa sawa.

Baba mkubwa aliniuliza hiyo ya kujumlisha tarakimu ni hesabu gani. Mimi nikiulizwa swali la namna hiyo siwezi kunyamaza. Nikamweleza kwa mpunga. Mwenye vikapu vinne vya kopo mia mia, kila kikapu akitoa kopo tisini na tisa inabaki moja, kwa hiyo vikapu vinne vinabakiza nne. Mwenye mafungu manne ya kopo kumi kumi, kila fungu akitoa tisa inabaki moja, hizo ni nne nyingine. Na ile kopo moja ya pembeni. Jumla ni tisa, nayo inatoka. Hivyo tarakimu zikijumlishwa zinatoa jibu lile lile la kutoa tisa tisa, daima, kwa namba yoyote duniani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwalimu yuko sahihi."

Nilisema hesabu iko sahihi, maana yake ndiyo sijui. Akasema yeye maana hakuniuliza. Kwa hivyo nilisafiri kutwa nzima kwenda kumpinga mpiga falaki, na saa kumi alasiri nikawa nimemthibitisha kwa uthibitisho safi kuliko wake. Mama alinitazama kutoka jikoni, akageuza uso.

Asubuhi yake nilimfuata mdogo wangu uani. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka, majani ya milala yamelowekwa kwenye beseni pembeni yake. Nilitaka kumwomba radhi, nikajikuta namweleza kutoa tisa, kama nilivyomweleza baba mkubwa. Alisikiliza huku vidole vikienda. Nilipomaliza aliniuliza jumla hiyo ya tarakimu tukishaipata tunaifanya nini.

Nikamwambia hatuifanyi kitu, tunasoma jibu.

"Mnaitupa?" akauliza. "Kwa nini msiirudishe kwenye namba yake?"

Sikumwelewa. Akaacha ukili, akaingia ndani, akatoka na daftari. Akaandika moja. Tarakimu yake ni moja, akairudisha kwa kuijumlisha, ikawa mbili. Mbili ikawa nne, nne ikawa nane, nane ikawa kumi na sita. Hapo moja na sita ni saba, akairudisha, ikawa ishirini na tatu. Kisha 28, 38, 49, 62, 70, 77, 91, 101. Aliandika polepole, kwa mwandiko ule ule wa kidato cha tatu, kila namba kwenye mstari wake. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema hatafuti kitu, anaangalia inakwenda wapi.

Kwa mazoea ya kazi nilimwambia azungushie duara namba tasa, nikamkumbusha ni zipi: zile zisizogawika kwa namba nyingine isipokuwa moja na zenyewe. Nilipolitamka lile neno ndipo nilipolisikia. Miaka kumi na minne nimelisema mbele ya madarasa, na nililisema mbele yake pia alipokuwa mwanafunzi wangu, wala halikuwahi kunigusa masikio. Yeye hakuinua uso. Alizungushia mbili, akazungushia ishirini na tatu, akazungushia tisini na moja, nikamwambia hiyo hapana, ni saba mara kumi na tatu. Akaifuta.

Baada ya muda akauliza kwa nini zinaitwa hivyo. Nikasema nadhani ni kwa sababu hazina vigawo, hazitoi kitu. Akataka kujua zile nyingine zinatoka wapi. Nikamweleza kwamba namba yoyote kuanzia mbili, kama si tasa yenyewe, imetokana na namba tasa zilizozidishwa, na hakuna njia nyingine ya kuipata.

"Basi hizo ndizo zinazozaa zote," akasema, "na ndizo mmeziita tasa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejaribu kuelewa bei ya kitu. Sijui nani alilichagua neno hilo wala alikuwa anafikiria nini. Nimewauliza walimu wenzangu, wakacheka kidogo, kengele ikalia, wakaenda darasani.

Siku tatu zilizofuata zilipita hivyo. Baba mkubwa alikuwa bado hajapeleka jibu Mloka, na sisi wawili tuko uani na daftari. Aliendeleza ule mfuatano wa moja: 101 ni tasa, 103 ni tasa, 107 ni tasa, tatu mfululizo, baada ya muda mrefu wa kukosa. Halafu mbili zisizo tasa, halafu 127 na 137. Aliniuliza mpangilio wake ni upi. Nilijaribu. Nilichora jedwali, nikatafuta tofauti, nikatafuta tofauti za tofauti, kama ninavyowafundisha watoto. Sikuona mpangilio. Akajaribu kuanzia tatu, akapata 6, 12, 15, 21, 24, na hakuna tasa tena hata moja. Hilo nililiweza: namba inayogawika kwa tatu, jumla ya tarakimu zake nayo inagawika kwa tatu, ukiirudisha haitoki humo kamwe. Aliitikia kwa kichwa, akaelewa kwa haraka ambayo darasani sikuwahi kuiona. Nilijiuliza nilikuwa namfundisha nini ile miaka miwili.

Akaanza na saba. Ilikwenda 14, 19, 29, 40, 44, 52, 59, 73, 83, 94, kisha 107, ambayo tayari ilikuwa kwenye mfuatano wa moja. Kuanzia hapo mistari miwili ikawa mmoja. Alifurahi kama aliyemkuta ndugu sokoni. Akaanza na tano, akitarajia nayo iingie. Haikuingia. Ilipita mia moja, ikapita mia mbili, ikapita mia tatu, kila mara inaikosa ile nyingine kwa namba chache. Nilimwambia aache. Akasema nimwambie kwanza kama zitakutana au hazitakutana. Nilimwambia sijui. Nilimpigia simu mhadhiri wangu wa zamani, mtu mpole ambaye hunijibu kila mara. Akafikiri, akasema anaamini zote zisizogawika kwa tatu hatimaye hukutana, lakini yeye hajui mtu aliyethibitisha. Nilipomweleza mdogo wangu, aliinua uso kutoka kwenye daftari.

"Watu wote hao wenye vyeti?" akauliza.

Jioni yake aliniletea daftari nikiwa nachambua mchele. Zilikuwa zimekutana kwenye 620. Upande mmoja ilitoka 607, upande mwingine 598. Nilihakiki mistari yote, hakukuwa na kosa hata moja.

Siku hiyo hiyo alikuwa ameandika pembeni namba yake ya falaki, 441, na kuiendeleza: 450, 459, 477, 495, 513. Aliniuliza kama itapata tasa. Nikamwambia haitapata, inagawika kwa tisa tangu mwanzo. Akasema sawa, akafunga daftari. Sikujua kama nimempa habari njema au mbaya.

Siku ya tano nilifanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nilikaa peke yangu, nikaandika jina la mdogo wangu na la mama kwa herufi za Kiarabu, nikajumlisha mwenyewe. Nilipata 436. Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu. Mwalimu alikuwa na 441, tano zaidi. Herufi he thamani yake ni tano, nikadhani ameongeza he moja mwishoni mwa jina, kosa la kawaida la mwandiko. Nilifurahi mno. Nne na tatu na sita ni kumi na tatu, moja na tatu ni nne. Baki nne, si tisa.

Nilikwenda kwa baba mkubwa karibu nikikimbia. Nikamwambia mwalimu amezidisha he. Akaniuliza he gani, katika jina lipi. Nikamtajia jina la mama. Akasema jina alilopeleka yeye si hilo.

Lile alilolitaja sikuwahi kulisikia. Nilidhani mzee amechanganyikiwa. Akasema yeye mwenyewe alishangaa, lakini bibi harusi ndiye aliyemwambia kwamba hilo ndilo jina la mama la kuzaliwa, na falaki hutaka la kuzaliwa.

Tukamwita mama. Alikuja na mikono yenye unga, akasikiliza, akakaa chini. Alieleza kwamba alipokuwa na umri wa kutambaa alishikwa na degedege mara tatu, na bibi yake akambadilisha jina ili ugonjwa ukija tena umkose. Lile la kwanza halikutamkwa tena nyumbani. Alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, mdogo wangu, siku aliporudishwa kutoka Ikwiriri, walipokuwa wamelala kitanda kimoja kwa wiki nzima. Mimi, mtoto wake wa kwanza, hakuniambia. Alisema hakuona sababu, mimi nilikuwa na mambo yangu.

Nilimuuliza sasa jina lake ni lipi. Akafikiri. Akasema kwenye kitambulisho ni hili, kwenye cheti cha ndoa ni hili, mumewe alimwita hili. Lakini la kwanza alisomewa adhana nalo. Baba mkubwa akasema jina ni lile ambalo mtu akiitwa anageuka. Mama akasema akiitwa lile la kwanza pia angegeuka, ingawa hajui kwa nini.

Ikawa hivyo, tukachukua lile la kwenye kitambulisho. Kesho yake baba mkubwa alivuka tena, akarudi mchana uso umelegea. Moja na nne zinaendana, mwalimu amesema, tena vizuri. Imamu wa msikiti wetu, ambaye hapendi mambo hayo ya falaki na amehutubu kuyapinga zaidi ya mara moja, alisema alhamdulillahi kwamba sasa upuuzi umekwisha, na akapanga siku ya kufungisha. Hakuna aliyeuliza ni vipi mwanamke yule yule anaweza kuwa tisa Jumatatu na nne Jumamosi.

Nilipokuwa nafunga begi kurudi Bungu nilitaka kunakili ule mfuatano wa kuanzia tano, niwaonyeshe wanafunzi wangu. Mdogo wangu alikuwa kisimani. Nilichukua daftari, na kwa haraka nikalifungua upande wa nyuma. Yeye tangu utoto huanza daftari kwa nyuma anapoandika Kiarabu. Ukurasa wa kwanza wa upande huo ulikuwa na majina. La mwanamume na la mama yake, ambayo yalikuwa kwenye barua ya posa. La kwake na la mama lile tunalolijua, jumla 436. La kwake na la mama lile la kwanza, jumla 441. Chini ya kila moja ametoa tisa tisa, kwa mistari midogo, moja, nne, na kwenye ile ya mwisho ameweka nukta tu, sifuri ya Kiarabu. Juu alikuwa ameandika siku: Alhamisi. Barua ililetwa Jumanne ya wiki hiyo. Baba mkubwa alivuka kwa mwalimu wiki nzima baadaye.

Nilisimama na lile daftari mkononi. Alijua majibu yote mawili kabla ya mtu yeyote. Na alimpa baba mkubwa lile lisilofaa. Nikalirudisha mahali pake. Aliporudi na maji tuliagana, nikamwambia hongera, akasema ahsante dada, na machoni mwake sikuona chochote cha kunisaidia.

Nilihudhuria harusi. Alicheka, alikula, aliondoka na mume wake kwenda Mloka akiwa amepakata yule mtoto mdogo wa marehemu mke wa kwanza, ambaye alikataa kushuka mapajani mwake. Kama hakumtaka mwanamume huyo, sikuona dalili.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kumtembelea. Tembo walikuwa wameingia shambani kwao mara mbili, nusu ya mahindi imelala chini, yeye na mumewe walikuwa wanaokota yaliyofaa. Mumewe ni mtu wa maneno machache na alininyanyulia mzigo wangu bila kuulizwa. Alipokwenda kuchota maji, nilimuuliza mdogo wangu kuhusu ule ukurasa.

Hakushtuka. Aliendelea kumenya hindi. Alisema alitaka kuona kama kuna mtu atamuuliza yeye.

"Barua ikaja, baba mkubwa akaenda kwa mwalimu, mama akawa anaomba dua, na wewe ukaja na kalamu," akasema. "Nilikaa nanyi wote hapo nyumbani. Namba mliziuliza, dada. Mimi mlinipita."

Nikakumbuka zile siku za uani na sikupata hata swali moja nililomuuliza ambalo halikuwa la hesabu. Nikamuuliza, basi kama ningemuuliza angesema nini, kwamba anamtaka au hamtaki. Akasema kwa wakati ule hakuwa anajua, na hicho ndicho angesema.

Nilikubali jibu hilo, nikalala nalo. Lakini asubuhi, tulipokuwa tunapanga mahindi yaliyopona kwenye kichanja, alisema mwenyewe bila kuulizwa kwamba jana hakunieleza vizuri. Alisema alichukua jina la kwanza kwa sababu ndilo la kweli, basi, na hakutaka kuingia nyumba ya pili kwa jina la kujificha. Kama lingetoa tisa angekubali tisa. Nikamwambia lakini alijua kabisa kwamba linatoa tisa. Akasema ndiyo, alijua.

Nilitaka kuuliza zaidi. Sababu hizo mbili haziwezi kuwa kweli zote mbili, au pengine zinaweza, sikuwa na hakika hata ya hilo. Mtoto mdogo alikuja akamshika upindo wa kanga, akataka kubebwa, naye akambeba kwa mkono mmoja na kuendelea kupanga kwa mkono wa pili. Mumewe akaita kutoka ng'ambo ya shamba kwamba gari la kwenda Kibiti limeonekana barabarani. Nikaokota begi langu, tukatembea wote mpaka njia panda, yeye akinieleza bei ya milala iliyotiwa rangi, na kwamba huku Mloka milala mizuri haipatikani, nikija tena nimletee.